Wasomaji Wanauliza: Kuichunguza Chapa ya Mavazi ya Michezo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu wa michoro katika chuo kimoja hapa Malindi. Muhula huu kila mmoja wetu ametakiwa achague kampuni ya mavazi ya michezo, aeleze utambulisho wake na matangazo yake, kisha abuni kampeni fupi ambayo ingewafaa watu wa Pwani. Nimechagua Adidas. Nimekusanya nembo zake, picha za matangazo na historia ya mwanzilishi wake hadi faili limejaa, lakini mhadhiri amenirudishia rasimu akiwa ameandika pembeni kwamba nimeisifu kampuni, sijaichunguza. Nianzie wapi upya?
Mwanafunzi, Barani, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ukiipitia rasimu yako tena utaona kwamba karibu kila sentensi iliyomo ingeweza kuandikwa na kampuni yenyewe, na nadhani hilo ndilo alilokusudia mhadhiri wako. Kampuni kubwa ina watu wanaolipwa kuisimulia historia yake vizuri, na simulizi hiyo ndiyo inayotangulia mbele ya mtu anapotafuta kwenye intaneti. Sisemi kwamba ni ya uongo. Nasema kwamba imechaguliwa, na mtafiti anapaswa kuuliza ni kipi kilichoachwa nje na kwa nini kikaachwa.

Chukua mistari mitatu, kwa kuwa ndiyo roho ya chapa uliyoichagua. Kampuni inasimulia kwamba Adolf Dassler aliiandikisha Adidas tarehe 18 Agosti 1949 katika mji mdogo wa Herzogenaurach, Ujerumani, na kwamba siku hiyo hiyo kikasajiliwa kiatu chenye mistari mitatu. Kampuni ya Karhu ya Ufini ina simulizi nyingine: kwamba mistari ile ilikuwa yake, na kwamba iliiuzia Adidas baada ya Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952 kwa fedha zinazokaribia yuro 1,600 za leo pamoja na chupa mbili za wiski. Anayesifu huishika simulizi ya kwanza na kuendelea na safari yake. Anayechunguza huziweka zote mbili mezani, hutaja nani anasimulia ipi, kisha huuliza swali linalotuhusu sisi wasanifu kuliko wote: mistari ile ilikuwa inafanya kazi gani juu ya kiatu kabla haijawa nembo?

Kazi yake ilikuwa ya kifundi. Vilikuwa vipande vya ngozi vilivyoshonwa ubavuni ili kuukaza mguu katikati, kiatu kisipanuke mchezaji anapogeuka kwa kasi. Viliposhonwa kwa rangi iliyotofautiana na ya kiatu vilionekana kutoka mbali, hata kwenye picha za magazeti zisizokuwa na rangi, na hapo mshono ukaanza kufanya kazi ya jina. Hili ndilo jambo ambalo ningependa ulishike kabla ya mengine yote: nembo nyingi zenye nguvu zilianza kwa kutenda kitu, au kwa kukaa mahali fulani pasipobadilika, na maelezo kuhusu maana yake yalitungwa baadaye, zilipokwisha kujulikana. Ukianza na maelezo utaandika sifa. Ukianza na kiatu chenyewe utaandika utafiti.

Baada ya hapo fuatilia mabadiliko. Mwaka 1967 Adidas ilitoa vazi lake la kwanza, suti ya mazoezi iliyobeba jina la mchezaji Franz Beckenbauer, na mistari ikahama kutoka ubavuni mwa kiatu kwenda kwenye mkono wa koti na pembeni mwa suruali. Mwaka 1971 ikaja nembo ya majani matatu iliyokatizwa na mistari, kwa sababu nguo ilihitaji alama inayoweza kukaa peke yake kifuani. Mwaka 1991 Peter Moore, Mmarekani aliyekuwa Nike hapo awali na aliyebuni raba ya kwanza ya Air Jordan, aliigeuza mistari ikawa pau tatu zilizoinama zenye umbo la mlima, kwa ajili ya mfululizo wa bidhaa ulioitwa Equipment. Majani matatu hayakutupwa, bali yamewekewa bidhaa za Originals, zinazouzwa kwa wapenzi wa mitindo ya zamani. Kampuni ni moja na nembo ni mbili, kila moja ikizungumza na mteja wake, na wewe huwezi kuzichanganya katika kampeni yako bila kueleza unazungumza na yupi.

Ipo pia hukumu ambayo ningekushauri uipe ukurasa mzima, kwa maana sijui mfano bora kuliko huo wa namna utambulisho unavyopimwa nje ya maneno ya kampuni. Tarehe 19 Juni 2019 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg ilithibitisha kwamba usajili mmoja wa mistari mitatu ulikuwa batili. Usajili huo ulidai mistari mitatu sambamba, yenye upana sawa na nafasi sawa, ikiwekwa kwenye bidhaa kwa mwelekeo wowote ule. Adidas ilipeleka vielelezo vingi, lakini vingine vilionyesha mistari myeupe juu ya kitambaa cheusi ilhali iliyosajiliwa ilikuwa myeusi juu ya weupe, na ushahidi wa kwamba wateja huitambua uligusa nchi tano tu za Umoja huo. Kampuni haikupoteza mistari yake, kwa kuwa ina usajili mwingine unaobainisha mahali hasa inapokaa kwenye kiatu au kwenye nguo. Lakini tazama majaji walivyosoma kama wasanifu: waliuliza mistari imekaa wapi, inaelekea wapi, ni rangi gani juu ya rangi gani, na ni nani anayeitambua. Maswali hayo manne yanatosha kuwa mhimili wa sura yako ya pili.

Kuhusu vyanzo, nitapita haraka. WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia hakimiliki na alama za biashara, ina hifadhidata ya alama za biashara za dunia isiyolipiwa, na humo utaona michoro ya usajili pamoja na tarehe zake. Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya kurasa za zamani za intaneti, itakuonyesha kurasa za kampuni zilivyokuwa miaka iliyopita, kabla hazijabadilishwa. Ripoti za mwaka za kampuni zilizo kwenye soko la hisa ziko wazi kwa kila mtu, nazo husema kwa takwimu yale ambayo tangazo halisemi. Nike, kwa mfano, ilitumia takriban dola bilioni 4.1 kwa matangazo na udhamini katika mwaka wake wa fedha wa 2023, kati ya mapato ya dola bilioni 51.2. Ukishajua kwamba karibu senti nane za kila dola inayoingia huenda kwenye kutangaza, hutaandika tena kwamba chapa fulani inapendwa kwa ubora wa bidhaa tu.

Sasa njoo nyumbani, maana hazina yako kubwa iko Malindi na huna haja ya nauli ya kwenda mbali. Nenda soko la mitumba asubuhi marobota yanapofunguliwa, umwombe muuzaji wa raba akuruhusu kutazama, na umnunulie japo chai, kwa sababu utamchukulia muda wake. Geuza ulimi wa kiatu uisome lebo ndogo iliyoshonwa ndani: ina saizi, nchi kilikoshonwa, namba ya modeli, na mara nyingi mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kwa lebo hizo unaweza kuzipanga raba za miaka mbalimbali kwa mfuatano wake juu ya turubai moja, jambo ambalo mwanafunzi wa mji mwenye maduka ya bidhaa mpya peke yake hawezi kulifanya. Chukua rula. Pima upana wa mstari, nafasi kati ya mstari na mstari, na mwinamo wake kutoka kwenye kamba kuelekea kwenye soli. Angalia kama ukingo umekatwa kwa meno, kama ulivyo kwenye raba ya Adidas iitwayo Superstar, au umenyooka. Angalia kama mstari umeshonwa, umebandikwa au umechapwa. Yaandike yote. Jedwali hilo litakuwa lako, na hakuna kampuni iliyokuandikia.

Usiziruke raba feki. Utakuta zenye mistari minne, zenye mistari miwili, na zenye jina lililobadilishwa herufi moja. Mwigaji hana nafasi ya kuiga kila kitu, kwa hiyo huchagua kile anachoamini kwamba mnunuzi atakitambua akiwa hatua kumi, na akikosea hajauza. Mahali alipoweka juhudi zake panakuonyesha kiini cha chapa waziwazi kuliko kitabu chochote cha miongozo. Halafu chora mistari ile kwa kalamu bila jina, uwaonyeshe madereva wa tuktuk kituoni, akina mama sokoni na wanafunzi wa shule, ukiuliza swali moja tu: hii ni nini? Geuza mchoro uwe wima, uliza tena. Badili rangi, uliza tena. Andika majibu kama yalivyotoka, hata yale yanayoitaja kampuni nyingine, kwa sababu hayo ndiyo yatakayokufaa zaidi.

Kampeni yako ya Pwani itoke humo. Naomba sana usichukue pindo la leso ukalizungushia nembo na kusema umewafikia watu wa Pwani. Kazi ya namna hiyo nimeiona mara nyingi, na huonyesha kwamba mbunifu hakumwuliza mtu yeyote. Kama utafiti wako umegundua kwamba watu wa Barani wanaitambua mistari kwenye suruali ya mazoezi kuliko kwenye kiatu, basi tangazo lako lianze na suruali.

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi vijana wa timu ya mpira hapa Langoni, Lamu, tunataka kushonesha jezi mpya, na mimi ndiye ninayechora. Wenzangu wanataka mistari mitatu mabegani ili jezi zionekane za maana, na tukipata wateja tuziuze pia. Mimi nasita. Je, ni makosa? Na kama tukibuni alama yetu, itathaminiwa na nani?
Mchoraji wa timu, Langoni

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kusita kwako kuna msingi. Mistari ile ikichorwa darasani kwa ajili ya uchambuzi ni somo, lakini ikishonwa kwenye jezi zinazouzwa ni alama iliyosajiliwa ya mtu mwingine, na Kenya inayo Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, pamoja na sheria ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia. Anayeweza kujikuta matatani si mchoraji peke yake, ni pamoja na fundi aliyeshona na aliyeuza.

Swali lako la mwisho ndilo lililonigusa. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, mwanafunzi wa usanifu katika Chuo Kikuu cha Portland State huko Marekani, aliichorea alama kampuni changa ya viatu akalipwa dola 35. Phil Knight, mmoja wa wenye kampuni hiyo, hakuipenda sana alipoiona. Aliikubali kwa sababu viatu vilikuwa vinasubiri. Alama hiyo ndiyo tunayoijua leo kuwa ya Nike, na mwaka 1983 kampuni ilimpa Davidson hisa pamoja na pete ya dhahabu yenye umbo la alama hiyo. Mkunjo ule haukuwa na thamani ya kuzaliwa nayo. Ulipewa thamani kwa kurudiwa, mahali pale pale, kwa umbo lile lile, na wakimbiaji walioshinda wakiwa wameuvaa.

Basi chagueni alama moja na rangi mbili, mzishikilie msimu baada ya msimu bila kubadilisha kila mdhamini mpya anapokuja. Kabla hamjampelekea fundi, chapeni alama kwenye fulana moja, mmoja wenu aivae na asimame kwenye goli, wengine mkaitazame kutoka goli la upande wa pili. Ikigeuka doa, punguzeni mistari. Mkiamua kuuza, KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwanda, ndiyo inayosajili alama za biashara nchini; nguo na viatu viko katika daraja la 25, na usajili hudumu miaka 10 kisha huweza kuongezwa tena. Anzeni kwa kuomba kutafutiwa kama kuna alama inayofanana na yenu, kabla ya kulipia jezi hata moja.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika mradi wa usanifu kuhusu matangazo ya Nike yanayowaonyesha wanawake Waislamu wakiwa michezoni. Mama yangu aliyatazama akasema ni mazuri, shangazi akasema hayatuhusu. Nitalichambuaje tangazo bila kuegemea upande wa mmoja wao?
Binti wa Shela, Lamu

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umebahatika kuwa na mama na shangazi wanaotofautiana, kwa sababu tofauti yao ndiyo mada yenyewe, na hupaswi kuiondoa bali kuieleza.

Anza na mpangilio wa matukio, uuandike kwa tarehe. FIFA iliruhusu rasmi wachezaji kufunika vichwa uwanjani mwaka 2014, na shirikisho la mpira wa kikapu duniani likafuata mwaka 2017. Mwaka 2016 huko Rio, Ibtihaj Muhammad alikuwa Mmarekani wa kwanza kushindana katika Olimpiki akiwa amevaa hijabu, naye akapata medali ya shaba katika mchezo wa vitara akiwa na timu yake. Februari 2017 Nike ikatoa filamu fupi ya tangazo kwa Kiarabu kwa ajili ya nchi za Mashariki ya Kati, iliyouliza watu watasema nini juu yako. Mwezi uliofuata ikatangaza hijabu yake ya michezo, nayo ikafika madukani mwishoni mwa mwaka huo. Wakati huo walikuwapo tayari washonaji wadogo waliotangulia: Capsters ya Uholanzi ilikuwa ikiuza hijabu za michezo miaka mingi kabla, na Aheda Zanetti wa Australia alikuwa amebuni vazi la kuogelea la kujisitiri tangu mwaka 2004. Ukishaiona safu hiyo ya tarehe utajua kwamba kampuni kubwa haikufungua njia; iliingia njia ilipokwisha kuwa pana, na ikaja na sauti kubwa kuliko waliotangulia. Hilo lisemwe bila chuki, na pia lisemwe kwamba sauti kubwa iliwafikia wasichana ambao wale wadogo hawakuwafikia.

Kisha itazame filamu yenyewe mara ya kwanza bila sauti, ukiandika unachokiona tu. Mwanamke anachungulia kwa wasiwasi kutoka mlangoni mwa nyumba yake, anaurekebisha mtandio, halafu anatoka kukimbia barabarani. Andika kamera iko ndani au nje, mwanga unatoka wapi, nani anamtazama, na nembo inaonekana sekunde ya ngapi. Mara ya pili fungua sauti, uandike sauti inaongeza nini ambacho picha haikusema. Ukifanya hivyo utatenganisha kazi ya picha na kazi ya maneno, na hukumu yako itakuwa na kitu cha kushika.

Tafuta tangazo jingine la kampuni hiyo hiyo la kulilinganisha nalo. Mimi ningechukua lile la mwaka 1988 lililoanzisha kaulimbiu ya "Just Do It", ambamo Walt Stack, mzee wa miaka 80, anakimbia juu ya daraja la Golden Gate huko San Francisco akieleza kwamba hukimbia maili 17 kila asubuhi. Matangazo yote mawili yanampeleka mbele mtu ambaye watazamaji hawakumtarajia, na yote mawili yanaonyesha nafsi ya mtu zaidi kuliko yanavyokionyesha kiatu. Lakini mzee Stack hana wa kumzuia, na daraja ni lake peke yake asubuhi ile. Mwanamke wa filamu ya pili amewekewa jamii inayomtazama, na kampuni imejiweka upande wake dhidi ya jamii hiyo. Filamu ilipotoka, wanawake wengi wa Kiarabu waliisifu, na wengine walisema kwamba haikuwaonyesha walivyo. Nadhani shangazi yako aliligusa jambo hilo hilo bila kusoma ukosoaji wa mtu yeyote: tangazo linadhani kwamba kila mlango una mtu anayeogopa nyuma yake.

Hapo ndipo Lamu inapoingia katika mradi wako kwa haki. Mlango wa nyumba ya mawe una daka mbele yake, nalo ni mahali pa kukaa, kupokea mgeni na kuzungumza kabla mtu hajaingia ndani. Mtu akichungulia kutoka hapo, picha haisomeki kama inavyosomeka katika mji wa maghorofa. Waonyeshe filamu akina mama na wasichana wa mtaa wenu, kila mmoja peke yake ili asifuate jibu la mwenzake, uwaulize yule mwanamke anahofia nini na anakwenda wapi. Waombe idhini kabla ya kurekodi, na kabla ya kumpiga picha yeyote. Maneno yao yaandike kwa Kiamu kama walivyoyatamka, usiyageuze kuwa ya vitabuni, na jibu la shangazi yako liwe la kwanza kunukuliwa, lifuatiwe na la mama, ndipo lako lije.